Penseli ya Mwisho Darasa la Tatu

Katika darasa la tatu la shule ya Kurrabin, mji mdogo wa wakulima wa ngano, watoto ishirini na mbili walikuwa wakiandika kwa kalamu na mmoja kwa penseli. Huyo mmoja alikuwa binti wa mwenyekiti wa kamati ya shule, na jambo hilo lilimuuma mwenyekiti, Warren Tuckwell, kuliko jino bovu.

Leseni ya kalamu, yaani ruhusa ya kuacha penseli, hutolewa na mwalimu wa darasa. Mtoto ambaye herufi zake zimekaa mstarini na kushikana vizuri huitwa mbele kwenye paredi ya Ijumaa, akapewa kadi yenye jina lake na kalamu ya bluu, wazazi wakapiga picha mpaka simu zikapata moto. Asiyepata hubaki na penseli. Bronte Tuckwell, mwenye miaka minane, alikuwa amejaribu mara tatu na kuanguka mara tatu. Herufi zake zilitawanyika kama kuku waliofunguliwa banda. Kila akianguka alifuta machozi, akachonga penseli, akarudi mezani. Jaribio la mwisho la mwaka lilikuwa Alhamisi, na Bi Duffield, mwalimu wake, alimwambia kimebaki kimkia cha g tu.

Warren hakuamini habari za kimkia. Alikuwa akiuza matrekta na mashine za kuvunia ngano, na aliamini kitufe. Ijumaa baada ya Ijumaa wateja walimtania dukani: "Vipi mwenyekiti, binti bado yuko kwenye penseli?" Alicheka nao, lakini moyoni alikuwa anatokota. Hatimaye akapata dawa. Kama binti yake hawezi kuipata leseni, basi leseni yenyewe ife.

Mshirika alikuwa tayari. Mwalimu mkuu, Grant Pidcock, alivipenda vishikwambi kuliko watoto waliovishika.

"Mwandiko wa nini zama hizi, kaka?" alisema Grant. "Nani bado anaandika kwa mkono? Nitajie mtu mmoja."

"Si ndiyo hapo," alisema Warren.

"Tena leseni inawaumiza watoto. Niachie mimi, nitakuandalia maonyesho ya projekta ukutani, watalia wenyewe."

Akaandaa kurasa kumi na mbili. Tano kati ya hizo zilikuwa picha ya mtoto yule yule anayelia.

Kamati ilikaa Jumatano, siku moja kabla ya jaribio, saa kumi alasiri katika maktaba ya shule, nje joto likiwa digrii arobaini na tatu. Mke wa Warren ni muuguzi na siku hiyo alikuwa zamu, kwa hiyo Bronte alikuja na baba yake. Aliketi nyuma kabisa, kichwa chini, akiandika g moja baada ya nyingine. Hakujua kikao kilihusu nini, na hakuna aliyejisumbua kumwambia. Hata dakika kumi na tano hazikutimia, umeme ukakatika mji mzima. Kiyoyozi kikakohoa, kikanyamaza. Kurasa kumi na mbili za Grant zikapotea, ukabaki ukuta.

"Tusubiri kidogo," alisema Grant, akigusagusa kishikwambi chake. "Pendekezo lote limo mtandaoni. Mtandao utarudi tu."

"Mara ya mwisho ulirudi baada ya siku mbili," alisema Val Hannaford, katibu wa kamati, akijipepea kwa sahani ya keki. "Warren, andika pendekezo lako kwa mkono nilisome, tumalize, tukanywe bia kabla haijapata moto."

Katika kamati ya Kurrabin mtoa pendekezo hasomi la kwake. Zamani palikuwa na mwenyekiti mmoja aliyesoma mambo ambayo karatasi haikuyasema, na shule ikajikuta imemjengea uzio wa shamba lake. Tangu hapo katibu ndiye anayesoma, na anasoma kilichoandikwa tu.

Warren akaichukua kalamu ya Val. Kwa miaka mingi alikuwa hajaandika chochote zaidi ya saini yake na vikaratasi vya kubandika kwenye friji. Akainama, akaizungushia karatasi mkono kama mwanafunzi anayeogopa kuibiwa majibu. Maneno ya Grant yalikuwa yamemtoka kichwani, kwa hiyo aliandika ya kwake. Njiani akaona atie chumvi kidogo ili wajumbe wapate huruma na wapige kura haraka. Jasho lilimdondoka puani, vidole vikamkakamaa, lakini alipomaliza alijiona kidume.

Val akaipokea karatasi. Akavaa miwani, akaivua, akaigeuza karatasi juu chini.

"Warren, hii ni nini? Leseni ya kondoo?"

"Lete hapa," alisema Grant. Akaitazama muda mrefu. "Naona 'watoto'. Au ni 'viatu'. Sina hakika."

Karatasi ikazunguka meza nzima, kila mjumbe akiikunjia uso, mpaka ikamfikia Bi Duffield, aliyeketi karibu na mlango kuwawakilisha walimu. Bi Duffield alikuwa amemfundisha Warren darasa hilo hilo la tatu. Mpaka leo, na masharubu yake yote, Warren hakuthubutu kumwita kwa jina lake, Maureen. Mama huyo aliisogeza karatasi mbali, akaivuta karibu.

"Nilikusomesha mwaka mzima," alisema, "na hapa siambulii hata neno moja."

"Mkono umechoka, Bi Duffield. Joto hili."

"Wacha kulisingizia joto. Unakumbuka uliipataje leseni yako? Baba yako alikuja kunifokea siku ya mwisho ya mwaka. Nikakuhurumia, nikakupa. Kosa langu ndilo hili nimelishika."

Wajumbe wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na keki. Warren naye alijilazimisha kucheka, masikio yakimuwaka.

"Mimi naweza kumsoma Baba."

Ilikuwa sauti ya Bronte. Alikuwa ameshafika mezani, penseli mkononi. Warren akanyoosha mkono kumzuia.

"Hapana, mwanangu. Rudi kwenye g zako."

"Naweza, kweli! Vikaratasi vyako vya friji Mama haviwezi, mimi ndiye huwa namsomea."

"Sauti ya mtoto mwenyewe!" Grant alipiga makofi. "Safi sana. Soma, mama, soma."

Warren alimtazama Grant kama mtu anavyotazama nzi ndani ya chai. Angeweza kusema hapana, lakini angetoa sababu gani? Watu wote walikuwa wakimwangalia. Akamwachia asome, na huo ulikuwa uoga mtupu.

Bronte akaiweka karatasi mezani, akapitisha kidole chini ya kila neno. Alisoma kwa sauti kubwa, kifua mbele, kwa kuwa alikuwa hajawahi kuitwa mbele ya watu.

"Leseni ya kalamu ifutwe kuanzia leo." Akasita, akamtazama baba yake, akaendelea. "Inaumiza watoto wasio na kosa. Darasa la tatu yuko mtoto mmoja aliyebaki na penseli. Mimi ni mzazi wake, namjua vizuri. Mkono wake ni mzito. Hataipata kamwe."

Kidole cha Bronte kilibaki pale pale kwenye neno la mwisho.

"Umesoma vibaya," alisema Warren.

Mtu mzima, mwenye duka na kiti cha uenyekiti, alimsingizia mtoto wa miaka minane mbele ya halaiki. Hata Grant aliangalia viatu vyake.

"Sijasoma vibaya," alisema Bronte. "Wote wameshindwa, mimi nimeweza. Mwandiko wako naujua, Baba. Umeandika kamwe."

"Nilikuwa na maana nyingine."

"Basi kama kakosea, liandike tena," alisema Bi Duffield, akimsukumia karatasi safi. "Polepole, tusome wote. Hatuna haraka."

Warren akaishika kalamu. Akaiweka kwenye karatasi, ikaacha nukta ya wino, haikwenda popote. Ile aibu ya dukani, ya kutaniwa na wateja, alikuwa ameizoea. Hii ilikuwa nyingine kabisa. Alijiona mwovu, na alikuwa na haki ya kujiona hivyo.

"Naliondoa pendekezo," alisema mwishowe.

"Wala halijaingia," alisema Val, akafunga daftari la kumbukumbu. "Na leseni ipo kama ilivyokuwa. Kikao kimekwisha."

Watu wakainuka, wakajifanya wanatafuta kofia na funguo zao. Warren akanyoosha mkono aichane ile karatasi, lakini Bronte aliiwahi. Akaikunja mara mbili, akaipiga pasi kwa kiganja.

"Nipe nikaitupe, mwanangu."

"Sikupi. Hii ni yangu. Imeandikwa habari zangu."

"Baba alikosea. Nimekosea sana. Sema lolote unalotaka, nitukane hata."

"Sasa hivi sisemi. Kesho nina mtihani." Akaitia karatasi kwenye mkoba, akavuta zipu mpaka mwisho. "Nitakuandikia jibu nikishapata leseni."

Warren, aliyekuja pale kuiua leseni, alijikuta anaomba kimoyomoyo binti yake aipate kesho hiyo hiyo, huku akiogopa siku atakayoipata.

"Na kesho ukikosa?" aliuliza.

"Utasubiri mpaka Februari, shule zikifunguliwa," alisema Bronte. "Kwa penseli sikujibu. Utafuta."