Kiuno cha Bi Harusi

Katika duka la fundi cherehani mmoja hakuna mwanamke aliyewahi kunenepa. Vitambaa ndivyo vilivyorudi baada ya kufuliwa. Mteja akileta gauni lililogoma kupita makalioni, fundi alilipindua, akavilaani viwanda vya siku hizi, kisha akafumua mishono ya ubavuni na kuachia akiba aliyoificha humo tangu siku ya kulikata. Hakudanganya kwa ubaya. Alipenda watu watoke kwake wakitabasamu, na biashara nayo ilipenda hivyo hivyo.

Aliyefaidi zaidi ni dada yake mkubwa. Mtaa mzima ulimwita Bi Harusi, kwa kuwa hakuchoka kutangaza kwamba kiuno chake ni kile kile cha siku ya ndoa. Ndoa yenyewe ilishazaa wajukuu. Kila alipokuja kupimwa, fundi alimzungushia utepe, akautazama, akameza mate, akataja namba ya zamani.

Siku hiyo Bi Harusi aliingia na kicheko tele, akajitupa kitini, kiti kikalalamika.

"Zahanati kuna nesi anatisha watu! Eti mwanamke akishakoma hedhi, mafuta ya mwilini yanaendelea kutengeneza homoni, zikizidi zinaweza kuchochea saratani ya matiti na ya mji wa mimba. Wembamba nao wanaugua, anasema, ila wanene wako hatarini zaidi. Nikaondoka zangu. Hayo awaambie wenye viuno vinene."

"Hukupimwa?"

"Nipimwe nini, na mimi ninarudi usichana?" Akashusha sauti, ingawa dukani hapakuwa na mwingine. "Mdogo wangu, siku zangu zimerudi. Umri huu! Shemeji yako sijamwambia, asije akaanza kununua nepi."

Fundi alikuwa anacheka. Akaacha.

"Huyo nesi hakusema kitu kuhusu damu?"

"Alisema ukiiona baada ya kukoma, wahi hospitali. Lakini alikuwa anaongea na wanene."

Fundi aliingiwa na hofu, akaweka mkasi chini. Kumbe maneno yake matamu ndiyo yaliyomziba dada yake masikio.

"Dada, hebu simama." Akamzungushia utepe, akampa ncha. "Soma mwenyewe."

Bi Harusi akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena. Akaugeuza utepe upande wa pili kutafuta habari njema zaidi.

"Utepe wako mbovu."

"Utepe mzima. Mbovu ni mimi. Nimekudanganya miaka yote, dada."

"Hata lile gauni la harusi ya mwanangu?"

"Lile ndiyo usiseme. Lile nimelitia viraka viwili ubavuni."

Kilichofuata kilisikika hadi kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Fundi aliitwa nyoka, mnafiki na muuaji wa vitambaa. Yeye akafunga duka, akamshika dada yake mkono. "Nitukane njiani. Twende hospitali." Na kweli alitukanwa njia nzima.

Vipimo vilichukua muda. Majibu yalipotoka, daktari aliwaeleza bila kuzungukazunguka: ni saratani, lakini bado haijatoka nje ya mji wa mimba. Watauondoa, na wengi wanaowahi hivi hupona. Kama ni uzito ulioileta, hilo hakuna wa kuapa, ila huenda ulichangia.

Wakakaa kwenye benchi la nje. Bi Harusi akawa anaukunja na kuukunjua mtandio wake.

"Nisingetaja ile damu," akasema mwishowe, "ungeendelea kunisifu?"

Fundi alitamani kusema hapana.

"Ningekusifu, dada. Ningekusifu mpaka siku ya kukushonea sanda."

Akaangua kilio pale pale mbele za watu. Bi Harusi akamvuta kifuani, akamfuta machozi kwa mtandio wake, akambembeleza kama mtoto, mpaka nesi akaja na kuuliza mgonjwa ni yupi.