Flashi Chini ya Sahani ya Maandazi

Siku hizi umeme ukikatika kwa jirani zetu wa televisheni ya Ukingo, wanavuka barabara na kuja kuchaji betri zao kwetu, tena wanakunywa na chai yetu. Hakuna anayeficha kitu. Lakini mimi, nikisema ukweli, naikumbuka zaidi ile miaka ya kufichana.

Mimi ni mwandishi wa habari wa televisheni ya Nyanda, hapa Mbulu. Basili alikuwa mpiga picha wa televisheni ya Ukingo. Ofisi zetu zinatazamana karibu na soko, na mabosi walikuwa wanashindana kama wake wenza. Mwenzetu mmoja alifukuzwa kazi kwa kuwapa Ukingo picha za mnada wa ng'ombe. Baada ya hapo tulisainishwa karatasi, wao kwao na sisi kwetu, kwamba kumpa mpinzani picha ni usaliti. Mimi na Basili tuliivunja ile karatasi kabla wino haujakauka.

Ilikuwa Balangdalalu, mwaka wa ukame. Betri ya kamera yetu ilizima kabla hata ng'ombe wa kwanza hajafika kwenye lambo. Nilikuwa mgeni, nimetoka Rungwe ambako mvua haiombwi, na nilikaa juu ya jiwe nikiwa na hasira ya kulia. Basili, ambaye kwa umri ni kaka yangu mkubwa, akanisogelea.

"Mdogo wangu, unataka ulie mpaka lambo lijae?"

Kesho yake akanipa flashi yenye picha zake. Habari ile ilituletea cheti cha mashindano ya mkoa, na mhariri wangu, mzee Godlisten, akakitundika nyuma ya kiti chake. Kila mgeni alionyeshwa. Mimi nilikuwa natazama dirishani.

Nami sikula cha bure. Mwandishi aliyepangiwa Basili alikuwa mvivu wa kalamu, kwa hiyo maneno ya habari zao nikawa naandika mimi, na Basili anayapeleka kama yake. Picha kwa maneno, miaka sita. Flashi ilipita chini ya sahani ya maandazi kwenye kibanda cha chai cha mama Restituta, pale stendi, na mama Restituta alikuwa anajifanya kipofu.

Basili alikuwa na desturi moja. Kila alipowasha kamera, alitangulia kusema mahali, siku na hali ya hewa. Alianza enzi za kanda, lebo zilipokuwa zinabanduka kwa unyevu wa huku milimani, na hakuacha. Kwenye picha zangu aliongeza uchokozi: "Dongobesh, Alhamisi, upepo. Kissa, hawa mbuzi usiwakate miguu." Kabla ya kurusha habari niliikata sauti hiyo. Ila zile picha ghafi nilizitunza. Mimi hata mwavuli uliovunjika siutupi.

Alifariki Julai, kwenye baridi kali, kwa homa ya mapafu. Siku nne tu. Nilimkasirikia kama mtu aliyeondoka bila kuaga.

Msibani Endagikot nilikaa pembeni ya mke wake, Fransiska. Evaline, mhariri wa Ukingo, alikuja kumweleza kwamba kesho, kabla ya mazishi, watarusha kipindi cha kumkumbuka.

"Nitasikia sauti yake?" Fransiska akauliza.

Evaline akainamisha kichwa. Kwao sauti ya mpiga picha ilikatwa kila siku, na kadi zilifutwa ili zitumike tena. Picha za Basili zilikuwepo, lakini amefumba mdomo kwenye zote.

"Hata kwenye simu yangu haipo," Fransiska akasema. "Nikimwambia nirekodie, ananijibu ya nini, sauti yenyewe ipo nyumbani kila siku."

Nyumbani kwangu, ndani ya kopo la kahawa ninamotunza flashi, sauti ya Basili ilikuwepo mara mia moja na arobaini. Nikiitoa, kazi sina, na hilo ningelimeza. Kilichonichoma ni kwamba Basili angezikwa na jina la msaliti, mbele ya watoto wake. Nikinyamaza, jina lake litabaki safi, na mke wake hatamsikia tena. Nikajiuliza Basili angechagua nini. Jibu nilikuwa nalo, sikulipenda tu.

Nikaenda ofisini moja kwa moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nikamweleza yote, nimesimama, nikimaliza na cheti. Godlisten akageuka, akakitazama. Kisha akakishusha ukutani.

"Kesho kutwa utaniletea barua ya kujieleza," akasema. "Sasa hivi lete hilo kopo."

Tukavuka barabara pamoja, yeye akiwa na cheti kwapani. Miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga kwa Ukingo. Evaline alisikiliza picha ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Hizi ni picha zetu," akasema.

"Ndiyo, dada. Na maneno ya kipindi chenu cha wafugaji ni yangu."

Evaline akafuta macho kwa kanga ya msibani.

"Nilikuwa najiuliza Basili amejifunza lini kuandika vile," akasema. "Vuta kiti. Hiki kipindi hakina maneno."

Barua ya kujieleza niliiandika. Miaka miwili sasa, iko kwenye droo ya mzee na hajaniuliza chochote.

Siku ya mazishi, vituo vyote viwili vilirusha kipindi kimoja saa ileile. Televisheni iliwekwa chini ya turubai, uani kwa Basili, na kile cheti Godlisten alikuwa ameshamkabidhi Fransiska bila hotuba. Sauti ikaanza: Balangdalalu, Jumanne, jua. Dongobesh, Alhamisi, upepo. Watoto wakaacha kulia, wakasogea karibu. Mimi ndiye niliyelia, tena vibaya.

Picha ya mwisho aliipiga akijaribu kamera mpya, na alisahau kuifuta kabla ya kunipa flashi. "Endagikot, Jumapili, ukungu," sauti ikasema polepole. "Huyo mwenye ndoo ni mke wangu. Hajui kama namchukua picha." Fransiska anapita na ndoo, anatoka kwenye picha. Punde anapita tena, na ndoo ileile, tupu.

Nikamgeukia, nikiogopa nitakachokiona. Fransiska alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Nilikuwa najua, wifi," akaniambia. "Ndiyo maana nilipita mara mbili."