Maswali ya Wakwe

Barua pepe ya mama wa bwana harusi ilifika asubuhi, kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi ya uchapaji ya Shangazi. Ilikuwa alama za kuuliza tupu, mstari hadi mstari. Shangazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Zilikuwa palepale.

"Kitufe!" alimwita binti wa kaka yake, fundi wa kompyuta na mdogo wake bibi harusi. "Njoo uone maajabu. Wakwe hata salamu hawana, ni maswali tu!"

Kitufe alitupa jicho moja akaelewa. Wakwe waliandika kwa herufi za kwao, na kompyuta ile ilipangwa kutambua a, b, ch na ndugu zake basi. Kila herufi ngeni iliigeuza alama ya kuuliza. Kazi ya dakika kumi. Lakini tangu juzi Shangazi alikuwa akimfundisha, fundi mzima, ufundi wake mwenyewe: namna ya kushika waya, namna ya kupangusa vumbi, hata namna ya kukaa kitini. Ulimi ukamwasha kumtania.

"Duh, Shangazi. Hawa wana wasiwasi kweli na dada."

"Tena sana! Kaa hapo, andika majibu."

Kitufe akaandika, amejiuma midomo asicheke. Shangazi alizunguka chumba akijibu kwa kukisia. Ndiyo, binti yetu anapika, ila chumvi humponyoka. Hapana, haamki mapema, msijisumbue kumgongea. Ndiyo, anakoroma, lakini kwa adabu.

Kitufe alikusudia kumweleza kabla barua haijaenda. Hakuwahi. Mkono wa Shangazi ulipita juu ya bega lake, ukabonyeza "Tuma".

Haraka haraka Kitufe akaingia kwenye mipangilio, akachagua UTF-8, mfumo unaobeba herufi za dunia nzima, akaongeza fonti zilizokosekana, akaifungua barua upya. Maandishi ya wakwe yakajitokeza yamenyooka. Akampigia shemeji yake, bwana harusi, akampelekea picha ya barua ile.

"Ni majina ya wageni, ya kuandika kwenye kadi," shemeji alisema. "Arobaini na wawili. Kwani vipi?"

Shangazi akageuka polepole. "Ulijua?"

"Nilijua, Shangazi. Nisamehe."

"Ukaniacha nimkoromeshe mtoto wa watu!"

Saa moja baadaye shemeji alipiga simu, hoi kwa kicheko. Alikuwa amemtafsiria mama yake kila neno. Mama alisema siku zote hizo alihofia mwanawe anaoa malaika. Sasa amepumua, na kesho ataleta kasoro za mwanawe, bila kuficha hata moja.

"Kesho mbali! Mpe simu anieleze sasa hivi, wewe utafsiri," Shangazi alisema, akivuta kiti. Kisha akamsukumia Kitufe rundo la kadi za mwaliko zilizokwisha kuchapwa majina ya wageni. "Na wewe, fundi, hizo herufi usizozijua utazikagua kwa jicho, moja moja, kadi zote."

Kitufe akainama mezani, akilinganisha kila mkunjo na kila nukta, huku Shangazi akishangilia simuni: "Eti hajui hata kupiga pasi? Enhe, endelea!"