Ukurasa wa Lango

Siku ya Idd ilipita na Eustace hakuja Gongoni, Tabora mjini. Kwa miaka kumi na moja mtu huyo hakuwahi kupiga hodi. Kila Idd alikuwa akisimama barazani kwa kina Fauzi na kupaza sauti mtaa mzima usikie: "Waarabu, rudisheni pembe zetu!" Kisha huingia, akavuta sinia la halua upande wake. Fauzi akimwambia, "Wewe mpagazi, wakati wa kuondoka utabeba mizigo ya wageni," Eustace hujibu mdomo umejaa: "Beba mwenyewe, Mwarabu. Babu yangu alishamaliza zamu ya ukoo mzima." Na bibi yake Fauzi, Bimdogo, hucheka mpaka machozi yakamtoka.

Mwaka huu ulikuja ujumbe tu kwenye simu: "Idd njema kwako na familia yako. Eustace."

"Mtani wangu yuko wapi?" aliuliza Bimdogo, sinia likiwa mbele yake.

"Ana tumbaku, bibi. Msimu wa kukausha."

"Hata mwaka jana tumbaku ilikuwepo," akasema Bimdogo, akalifunika sinia.

Fauzi alijitia kusoma kitu kwenye simu. Alikuwa anaijua sababu, na sababu ni yeye.

Ukiwauliza wazee, Waarabu na Wanyamwezi hawamo katika hesabu ya watani. Watani wa Mnyamwezi ni Mzaramo, Mgogo na wengine aliokutana nao njiani enzi za misafara, mzigo kichwani. Lakini Fauzi na Eustace walikaa dawati moja sekondari, wakajitungia utani wao, na sheria wakaichukua nzima nzima: mtani utamwita mwizi, mwongo, mchawi, naye hakasiriki. Akikasirika, ameshindwa.

Dawati moja likazaa mchezo mmoja. Usicheke; ni watu wazima, mmoja ana duka la vitambaa, mwingine ana mke na ekari nne za tumbaku huko Usoke, lakini kila jioni walikuwa ndani ya Falme za Ukungu, mchezo wa kwenye simu wenye majoka na ngome. Humo mtu huchagua kambi, akala kiapo kisichofutika. Fauzi aliapa kwa Walinzi wa Boma. Eustace, kwa kumkomoa, aliapa kwa Wapagazi wa Chumvi.

Wenye mchezo walikuwa wasahaulifu. Msimu huu husema mfalme alikufa vitani, msimu ujao mfalme huyo huyo anaoa. Kwa hiyo wachezaji wa Kiswahili, watu kama mia tatu, waliunda Baraza lao la kuandika kitabu kimoja kisichojipinga. Mwenyekiti alikuwa Wafaa, binti aliyezaliwa Muscat na kukulia huko huko. Mwandishi mkuu alikuwa Fauzi. Asilolikubali Fauzi haliingii kitabuni.

Ugomvi ulizuka juu ya Lango la Boma. Nani alilifungua usiku ule Boma lilipoanguka? Msimu mpya ulisema ni Wapagazi, wasaliti. Walinzi walishangilia, na Fauzi alikuwa ameshaandika sura ndefu juu ya usaliti huo, sura aliyoipenda kuliko zote. Ndipo Eustace akaingia Barazani. Aliandika kwamba usiku ule Wapagazi walikuwa kwenye ziwa la chumvi, mwendo wa siku tisa, na mtu mwenye mzigo kichwani haruki. Kisha akaweka picha ya ukurasa wa msimu wa kwanza, ambao wenye mchezo walishaufuta. Ukurasa ulisema lango lilifunguliwa na Mlinzi mwenyewe.

Fauzi aliujua ukurasa ule. Waliusoma pamoja zamani, simu moja vichwa viwili, stesheni ya Tabora wakingoja treni ya kumrudisha Eustace kwao likizo. Aliukumbuka hata mhindi wa kuchoma waliokuwa wakigawana. Lakini Walinzi wenzake walikuwa wanamngoja ajibu, na ile sura yake ilikuwa inabomoka. Akaandika:

"Msimwamini Mnyamwezi huyu. Ukurasa kautunga mwenyewe, anasubiri tumbaku ikauke, hana kazi."

Haikupita dakika, Eustace akajibu kama sheria inavyotaka: "Nimeutunga kweli, na wino nimekuibia wewe, Mwarabu."

Fauzi alicheka kwa sauti pale dukani. Alikuwa bado anacheka Wafaa alipoandika: "Basi amekiri."

Wafaa hakuujua utani, na wengi wa Baraza waliishi mbali, hawakuujua pia. Wachache wa huku nyumbani walioujua walikuwa Walinzi, wakanyamaza, maana kimya kile kiliwafaa. Kura zikapigwa. Kabla ya magharibi Eustace alikuwa ametolewa Barazani kwa kughushi, na kila ukurasa aliouandika kwa miaka sita ukafutwa. Neno moja la mwandishi mkuu, "Jamani, huu ni utani," lingetosha.

Eustace alimtumia ujumbe wa pembeni: "Mtani, waambie basi."

Fauzi aliusoma. Alijiambia kesho. Kesho ile ikawa wiki tatu, na kila siku ilivyopita ndivyo jibu lilivyozidi kuwa zito, mpaka akaanza kuogopa hata kuliona jina la rafiki yake kwenye simu. Alijua amefanya uovu. Alikuwa ameuchukua utani, kitu ambacho mtu humpa mwenzake kwa kumwamini, akamchinja nacho.

Siku ya tatu ya Idd Bimdogo alimwekea mkoba mlangoni, halua imefungwa vizuri. "Sijui umemfanyia nini, wala sitaki kujua," alisema. "Ila halua hii usirudi nayo."

Usoke alifika saa nne. Eustace alikuwa mbele ya bani, kibanda cha kukaushia tumbaku, anafunga majani kwenye fito, vidole vyeusi kwa utomvu. Fauzi alijiandaa kwa matusi. Aliyatamani, kusema kweli.

Eustace aliinuka, akanawa mikono. "Karibu sana, bwana Fauzi. Habari za safari?"

"Nzuri," akasema Fauzi. Kwa miaka yote ile hakuwahi kuitwa bwana na mtu huyu.

Kiti kizuri kililetwa. Apolinaria, mke wa Eustace, aliipokea halua kwa mikono miwili, akasema, "Tunashukuru, shemeji, mshike bibi mkono kwa niaba yetu," akaenda kupika. Eustace alimuulizia Bimdogo, akaulizia biashara, akaulizia mvua za mjini. Hakuna aliyeulizia Lango.

Fauzi alishindwa kuvumilia. "Ukurasa ule ni wa kweli. Niliujua tangu mwanzo. Tuliusoma stesheni, mimi na wewe."

"Najua. Nilikuwepo," akasema Eustace taratibu.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Umeshawaambia wao?"

"Nilitaka nianze na wewe."

"Ni mimi peke yangu niliyekuwa sina haja ya kuambiwa."

Fauzi alitoa simu pale pale. Aliandika Barazani kwamba ukurasa ni wa kweli, kwamba Eustace hakughushi, kwamba maneno yale yalikuwa utani na yeye alinyamaza ili sura yake isimame. Akatuma. Walikaa wakitazama simu kama watu wanaongoja maji yachemke. Jibu la kwanza lilitoka kwa Wafaa.

"Mwandishi, na huu nao ni utani?"

Eustace alilisoma, akamrudishia simu. Hakucheka wala hakusonya. "Chakula kiko tayari," alisema.

Walikula ugali na kuku kwa adabu, kama wakwe. Saa ya basi ilipokaribia, Apolinaria alileta kidumu cha asali, zawadi ya Bimdogo, na mkoba uliojaa karanga. Fauzi alimtazama rafiki yake. Alitaka kitu kimoja tu, atukanwe, na akatupa neno la zamani kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye kufuli lililobadilishwa.

"Wewe mpagazi! Mgeni atabeba mzigo mwenyewe?"

Akangoja lile jibu. Beba mwenyewe, Mwarabu.

Eustace aliinama. Akakitwaa kidumu cha asali, akajitwisha kichwani, mkoba akautia begani, akatangulia njiani. Fauzi alimfuata nyuma, mikono mitupu, mpaka barabarani.