Kunde Ndani ya Hifadhi

Jumamosi ya mwisho ya Aprili mwaka 2009, Festus alishuka basi kwenye kituo cha mwisho, upande wa mashariki wa Scarborough, jijini Toronto, akavuka barabara na kusimama mbele ya lango la hifadhi. Alisugua soli za viatu vyake kwenye brashi ngumu iliyofungwa kando ya lango. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya pale: kila aingiaye husugua viatu, asije akaingiza mbegu ngeni. Festus alisugua cha kulia, akasugua cha kushoto, kisha akarudia cha kulia, kwa sababu nyuma yake palikuwa na watu, naye alipenda kuwa mfano.

Hifadhi ilikuwa kipande cha mbuga ya nyasi ndefu, mbuga ya asili, kilichosalia kati ya reli na majengo ya ghorofa. Kila mwaka, theluji ikishayeyuka, kilichomwa moto kwa makusudi na kikosi chenye leseni, wakazi wakiwa wameombwa wafunge madirisha. Moto uliua vichaka vilivyovamia. Nyasi zenyewe hazikufa, kwa kuwa mizizi yake huenda chini kuliko kimo cha mtu, na baada ya wiki chache zilichipua upya. Festus alijitolea pale tangu alipostaafu kiwandani. Alikuwa amesoma shule ya jioni kwa miaka mingi, Kiingereza kwanza, kisha hesabu, kisha mimea, na sasa alivaa kizibao cha rangi ya chungwa cha viongozi wa zamu. Alikipiga pasi mwenyewe.

Mbuga ilikuwa imechomwa siku iliyotangulia. Ilikuwa nyeusi yote na bado ilinuka. Katikati ya majivu palisimama nyumba ya msonge iliyoezekwa kwa nyasi, na mbele ya nyumba mama yake Festus alikuwa akifagia uwanja.

Mama yake alifariki Ukambani mwaka 1974. Alikuwa amejitanda leso aliyozikwa nayo, na ufagio wake ulikuwa wa vijiti, kama zamani.

Festus alipita kwenye majivu, akamwamkia. Mama aliitika bila kuacha kufagia.

"Umechelewa," alisema. "Jua limeshapanda."

"Mabasi ya Jumamosi ni machache, mama."

"Nani alichoma hapa?"

"Kikosi. Wana leseni."

"Wamechoma vizuri. Hawakuacha kona. Niliona moshi nikajua shamba liko tayari."

Akamweleza jinsi alivyofika. Alikuwa amefuata waya.

Festus alijua waya upi. Alipokuwa mtoto ambaye hajaanza shule, serikali ya wakati ule ilitenga hifadhi ya wanyama huko kwao, ikachora mpaka, ikauwekea waya, na nyumba yao ikaangukia upande wa wanyama. Walihamishiwa penye mawe, ambapo kunde zilitoa maua na kuishia hapo. Mpaka siku ya kufa kwake, mama aliita kule walikotoka "ndani", na kule walikoishi "nje". Alipokufa alianza kutembea kando ya waya akitafuta mahali pa kuingilia. Waya ulikuwa mrefu. Wafu hawaonyeshwi mipaka ya nchi, na kwa mama yake hifadhi ilikuwa ni hifadhi, moja tu. Hatimaye alifika penye lango ambapo watu walikuwa wakisugua miguu. Naye akasugua yake, yote miwili, na hakuna aliyemzuia.

Pembe ya leso yake ilikuwa na fundo. Ndani ya fundo mlikuwa na kunde, mbaazi na mahindi.

Wenzake wa zamu walifika na matoroli yao. Wa kwanza alikuwa Mutuma, Mmeru aliyetengeneza kompyuta za benki siku za kazi, na ambaye mkewe alimtuma hifadhini kila Jumamosi ili apate kupumua nyumbani.

"Mzee Festus, huyu ni mama?"

"Ni mama."

"Habari ya asubuhi, nyanya."

Mama alimtazama mikono. "Huyu ni wa wapi?"

"Meru," Festus alijibu.

"Ndiyo maana ameshika jembe kama mwiko."

Mutuma alicheka, akabadilisha mshiko. "Nyanya amefika jana na tayari ana nyumba Toronto," alisema. "Mimi nimeingia nchi hii kijana, na mpaka leo nalala chini ya sakafu ya Mgiriki, nikisikia akivuta viti."

Wakaenda kung'oa haradali pori, gugu la kigeni, upande wa reli.

Msimamizi wa hifadhi aliitwa Shahnaz. Alizaliwa Tanga katika familia ya Waismaili, akaletwa Kanada msichana, na Kiswahili alichokuja nacho hakikuwa kimezeeka. Alipofika alimpa mama yake Festus shikamoo. Mama hakuwa na desturi ya salamu hiyo, lakini aliipenda sauti, akamjibu, "Asante." Shahnaz aliizunguka nyumba, akagusa paa, akasema nyasi zake hazikuwa na mbegu. Aliagiza kamba ifungwe pande zote, na kibao cha kuomba wageni wasiguse.

Mwezi wa Mei wageni walikuja wengi. Watoto wa shule walipitishwa kandokando ya kamba, na mwalimu aliwaeleza kwamba moto husafisha na mvua huotesha. Mama aliwapungia mkono. Baba mmoja aliuliza choo kiko wapi. Mzee mmoja wa Kiitaliano aliyeishi ghorofani ng'ambo ya reli alisimama siku nzima, kofia mkononi, akitazama mama anavyochimba mashimo kwa kisigino, anavyodondosha mbegu, anavyofukia kwa kidole gumba. Kesho yake alileta kiti.

Mahindi yaliota. Mbaazi zikaota. Kunde zilitambaa mpaka kwenye kamba, zikapita chini yake, zikaanza kupanda mashina ya nyasi za asili. Festus, ambaye kwa miaka yote ile alikuwa ameng'oa kila jani lisilotakiwa kuwa pale, alipita karibu nazo na kuinama kutafuta haradali mahali pengine.

Juma la pili la Juni Shahnaz alimwita wakae kwenye benchi.

"Mzee Festus, bodi imekutana."

"Imesemaje?"

"Nyumba haina shida. Itaoza yenyewe, na nyasi zake ni kavu. Shida ni mazao. Kilicho kigeni hutolewa kabla hakijachanua, unajua hivyo kuliko mimi. Halafu mama mwenyewe. Jua likizama hifadhi hufungwa. Hairuhusiwi mtu kulala ndani."

"Halali. Amekufa."

"Niliwaambia. Wakasema kanuni haibagui."

Treni ya mizigo ikapita. Wakangoja imalizike.

"Baba yangu alichukuliwa jengo na serikali kule Tanga, mwaka wa sabini na moja," Shahnaz alisema. "Alikuwa akipita mbele yake kila asubuhi na kuwaamkia wapangaji kama vile bado ni wake. Najua, Mzee."

"Unajua, na bado unaniambia mimi."

"Nakwambia wewe kwa sababu eneo lile ni la zamu yako. Usipong'oa wewe, wataleta kampuni ya dawa. Watapuliza kila kilicho kijani ndani ya kamba. Na hao hawatamwamkia."

Festus aliomba apewe mpaka Jumamosi.

Siku ya Alhamisi alimchukua mama yake kwa basi hadi nyumbani kwake, ghorofa ya kumi na sita. Mama aliingia kwenye lifti. Alikula ugali kidogo, akasifu sufuria, akatoka kibarazani. Juu ya ukingo wake Festus alikuwa amepanga makopo ya maua. Mama alichomeka kidole kwenye kopo moja mpaka kikagonga chini.

"Hili linaishia hapa?"

"Ni la maua tu, mama. Ukikaa hapa nitakununulia makubwa zaidi. Kuna joto, kuna maji. Jumapili twende kanisani, kuna Wakamba wengi."

Mama alitazama chini, kwenye maegesho ya magari. "Umejenga vizuri, mwanangu," alisema. "Lakini hapa ni nje."

Asubuhi hakuwapo. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na vyombo vilikuwa vimeoshwa.

Festus alikaa kibarazani siku nzima ya Ijumaa. Alipokuwa mdogo mama alizoea kumsimulia habari za kuhamishwa kwao, na kila mara alisimulia namna ileile. Mzungu alikuja mara moja tu, akatazama, akaondoka na kofia yake. Aliyeshusha paa alikuwa kijana wa jirani, aliyepewa kaptura na kofia ya askari kwa kuwa alijua kusoma. Alikuwa kijana wa heshima. Kila alipochomoa nguzo alisema, "Samahani, mama." Mama hakuwahi kumlaumu yule Mzungu katika hadithi hiyo. Hakumjua jina. Kijana alimtaja kwa jina lake, na la baba yake, na la ukoo.

Hilo ndilo Festus alilokuwa akilifikiria. Akiacha, dawa itapulizwa, na mama atafukuzwa na watu waliovaa barakoa. Aking'oa, jina lake litakuwa katika hadithi. Jioni alipiga pasi kizibao, kwa sababu ilikuwa Ijumaa na Ijumaa ndiyo siku aliyokipiga pasi.

Jumamosi alisugua viatu langoni na kwenda moja kwa moja. Mutuma alimfuata na toroli, akaliacha karibu na kamba, akasema ana kazi upande wa reli.

Mama alikuwa mlangoni. Alitazama kizibao, akatazama uma wa bustani mkononi mwake.

"Samahani, mama," Festus alisema.

Mama alikunjua pembe ya leso yake. Kisha akasema, "Anza na mahindi. Kunde ziache mwisho, bado zina mboga."

Akaanza na mahindi. Yalikuwa yamefika kiunoni, na ardhi iliyaachia kwa shida. Mama alikwenda mbele yake akichuma majani ya kunde na kuyatia kwenye leso. Mara mbili alimrekebisha: ashike chini, karibu na udongo, asikate shina. Festus alifanya hivyo. Aliilaza miche mizizi ikiwa juu, jinsi walivyofundishwa, ili isishike tena ardhi. Mzee wa Kiitaliano alitazama kwa kitambo, akakunja kiti chake, akaenda zake.

Adhuhuri uwanja ulikuwa mtupu. Mama aliuliza, "Barua imesema twende wapi?"

"Hakuna barua, mama. Ni bodi tu."

"Safari ile kulikuwa na barua." Akakaza fundo la leso. "Wewe unaondoka saa ngapi?"

"Jua likizama. Wote."

"Haya."

Alifagia uwanja, akauweka ufagio nyuma ya mlango, akaondoka kwa kufuata waya, upande ambao ua unapita chini ya daraja la reli. Festus alipakia miche kwenye mifuko myeusi. Paa waliling'oa yeye na Mutuma, na nyasi zake zikatandazwa juu ya udongo kuzuia magugu. Vuli ilipofika walipanda mbegu za asili mahali pale. Zilishika vizuri. Shahnaz alimpigia simu kumpongeza.

Aprili iliyofuata kikosi kilichoma mbuga, na kesho yake nyumba ilikuwapo na mama alikuwa akifagia. Alikuwa ameuona moshi. Ikawa hivyo kila mwaka. Bodi haikuhitaji tena kukutana. Shahnaz alichagua Jumamosi ya Juni, Festus akaja na uma wake, mama akachuma majani, na maneno waliyoambiana yalizidi kupungua, kama watu wanaokutana kazini. Wageni walizoea. Wengine walipanga safari zao kati ya moto na Juni ili waione nyumba. Kwenye ibada ya Kiswahili kanisani watu walimuuliza Festus mama anaendeleaje, naye alijibu kwamba hajambo, kwamba mwaka huu mbaazi zimekubali.

Mwaka 2016 Festus alikuwa na fimbo. Magoti yalikuwa yamekwisha. Daktari alikuwa amemkataza kuinama, na Shahnaz alikuwa amesema kizibao anaweza kukiacha wakati wowote atakapo, pasipo haraka. Festus alisema atamaliza msimu. Jumamosi ya Juni alifika amechelewa. Alitembea polepole kwenye njia ya changarawe, uma begani na fimbo mkononi, akipumzika kwenye kila benchi.

Mama alikuwa ameketi mbele ya nyumba, mikono ina udongo mpaka viwikoni. Uwanja ulikuwa mtupu. Mahindi yalikuwa yamelazwa kwa safu kando ya kamba, na mbaazi, na kunde zikiwa zimekunjwa kama kamba ya kisima, mizizi yote ikitazama juu.

Festus alisimama. Aliuchomeka uma ardhini, akauegemea.

"Nani aling'oa?"

"Mimi," mama alisema. "Nilikuona Aprili jinsi unavyoshuka kwenye lile basi."

Alisogea kidogo, akampa nafasi ya kukaa. Festus alivua kizibao, akakikunja vizuri, akakikalia. Mama akafungua leso, akaanza kuchambua mboga, majani kando na mabua kando, mpaka Mutuma alipokuja na toroli.