Tairi la Mbele Kushoto

Kila Jumamosi saa moja asubuhi shemeji yangu alikuwa akisimama getini kwangu, pampu ya mguu kwapani, uso umekunjamana kama daktari aliyeitwa kwa mgonjwa mahututi. Ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, dereva wa malori aliyestaafu, na kwa watu wa malori hakuna binadamu mwingine anayejua gari. Alikuwa akichuchumaa kwenye tairi la mbele kushoto, anachomeka mpira, anakanyaga mara mia moja kwa kuhesabu kwa sauti, anajifuta jasho, anakunywa chai yangu vikombe viwili, halafu anatoa hukumu.

"Shemeji, hili bado linavuja. Sokoni na kurudi, basi. Usilipeleke mbali."

Nami nilitii. Mimi ni fundi cherehani, nashona mapazia. Kuendesha gari nilijifunza nikiwa na miaka arobaini na tisa, mwaka mmoja baada ya kufiwa, kwa sababu gari la mume wangu lilikuwa linaota kutu uani huku mimi nikibeba mabunda ya vitambaa kichwani. Yeye hakufia kwenye gari hili. Alikuwa amepewa lifti na rafiki yake, tairi likapasuka barabara kuu, gari likapinduka. Kwa hiyo mtu wa malori akiniambia tairi langu halifai kwenda mbali, sikuwa na ubavu wa kubishana. Shemeji mwenyewe alishalipeleka kwa fundi pancha, akarudi na habari kwamba si pancha bali ni ringi, inavujisha kidogo kidogo, haina dawa.

Ndani ya mwezi wa kwanza tu, utii huo ulinikosesha kazi. Mlezi wa bweni la shule ya wasichana, mji wa pili, mwendo wa saa mbili, alitaka mapazia ya madirisha sitini. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Una usafiri wako?" Nikameza mate nikasema gari lina matatizo. Kazi ikaenda kwa mwingine, na roho iliniuma wiki nzima. Kila nikishona foronya ya mtu naona yale madirisha sitini.

Sasa Jumatatu moja mlezi akapiga tena. Yule mwingine alikuwa amewashonea mapazia mafupi, yamening'inia juu ya kizingiti kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla. Nilete sampuli Jumamosi kabla ya saa sita mchana na nipime madirisha mwenyewe, la sivyo atatafuta mtu wa tatu. "Gari limepona?" akauliza. Nikasema limepona. Nilidanganya bila hata kupepesa jicho.

Nilipokata simu nikapiga hesabu ya hali yangu. Kama tairi linavuja kidogo kidogo, nilichohitaji si ringi mpya. Nilihitaji kitu cha kulijaza popote litakaponiangusha. Mashine ya upepo ya kituo cha mafuta mtaani kwetu ilikatika mpira siku nyingi, wamebaki na tangazo tu. Pampu ya mguu siiwezi, goti langu la kulia limekwishia kwenye kanyagio la cherehani. Na kumwomba shemeji aniazime yake ni sawa na kumwomba ruhusa. Nilitaka pampu ndogo ya umeme, inayochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, ya bei ninayoiweza.

Alhamisi nikaenda dukani kwa Mama Vipuri. Duka lake ni chumba kimoja kirefu chenye harufu ya mpira mpya na grisi, na katikati ya sakafu kuna tairi moja limelazwa, halihami wala haliuzwi. Sheria ya duka ni kwamba pampu haitoki mlangoni mpaka ilijaze tairi hilo mbele ya mnunuzi, na yeye mwenyewe apime upepo kwa geji yake ya shaba, ambayo huivaa shingoni kama mimi nivaavyo futi yangu. Tulitazamana shingo, tukaelewana.

"Unataka ya bei gani?" akauliza.

"Ya chini."

"Kuna ya chini na kuna ya chini kabisa. Ya chini kabisa utarudi kunitukana."

Akaanza na isiyo na waya, ndogo, nyeusi, inang'aa, inachajiwa kama simu. Nilipoishika nikaipenda papo hapo, nikajua hiyo si yangu.

"Na nikisahau kuichaji?"

"Basi umenunua pambo," akasema, akanitajia bei. Nikairudisha mezani taratibu, nisije nikaikwaruza.

Ya pili ilikuwa ya plastiki, nyepesi, ina mshale kwenye kisahani. Hiyo ndiyo ya chini kabisa. Akaiwasha, ikalia kwa bidii, mshale ukapanda hadi thelathini na nane. Akapima kwa geji yake, thelathini.

"Inaongopa namba nane," nikasema. "Mimi nikikosea inchi moja, pazia linarudishwa."

"Ndiyo maana nimeijaribu mbele yako."

Hata hivyo nilikwishatoa futi. Nyumbani nilikuwa nimepima gari langu kutoka kwenye tundu, kupitia mlangoni, mpaka tairi la nyuma, nikapata inchi mia moja na thelathini na tano. Waya na mpira wa hiyo ya plastiki ukiviunganisha vilifika mia moja na kumi tu. Mama Vipuri alicheka mpaka akaegemea rafu. Alisema miaka yote ameuza pampu, hajaona mtu anayeipima kama anashonea suti.

Ya tatu ilikuwa na sura mbaya kweli kweli. Silinda ya chuma, nzito, rangi ya chungwa isiyopendeza hata kwa bahati mbaya, na kelele zake ni kama cherehani iliyokaushwa mafuta. Lakini waya na mpira vilifika mia moja na sitini. Namba zake zilikuwa kubwa, za taa, nazisoma bila miwani. Unaiwekea namba unayotaka, ikifika inajizima. Akaijaribu, ikasema thelathini na tatu. Geji ya shaba nayo ikasema thelathini na tatu.

"Hii," nikasema.

"Ngoja nikufundishe, usije ukaniharibia jina." Akanionyesha kishikio kidogo kwenye mdomo wa mpira. "Kikiwa kimesimama, upepo wote unakwenda barabarani, utajaza mpaka kesho. Ukikilaza, kimebana, upepo unaingia kwenye tairi. Namba ya kujaza usiisome kwenye tairi lenyewe, hiyo ni ya mwisho wa uwezo wake. Yako imeandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Na pima asubuhi, tairi likiwa la baridi. Dakika kumi zikipita ipumzishe, nayo ina moyo."

Nyumbani nikafungua mlango wa dereva, na kweli, kibandiko kilikuwepo pale miaka yote, thelathini na tatu. Nikapima matairi. Yote manne yalikuwa na thelathini. Hata la mbele kushoto. Nikajiambia, huyu mgonjwa kajazwa Jumamosi, leo Alhamisi kavuja hadi kuwafikia wenzake. Nikayajaza yote, nikalala nimeridhika.

Ijumaa asubuhi, thelathini na tatu. Ijumaa jioni, thelathini na tatu. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu, umande ungali kwenye boneti, nikapiga magoti tena, thelathini na tatu. Tairi linalovuja miezi minane halikupungua hata namba moja kwa siku mbili. Nikabaki nimelitumbulia macho.

Saa moja kamili geti likagongwa.

Sikumwambia kitu. Nilikuwa nimeshapakia sampuli kiti cha nyuma, nikasimama mlango wa chumba cha kushonea na kikombe changu cha chai. Akachuchumaa, akachomeka mpira, akaanza kukanyaga. Moja, mbili, tatu. Nikasogea. Kishikio cha mpira wake kilikuwa kimesimama wima. Upepo wote ulikuwa unatoka pembeni kwa mluzi mwembamba, unapuliza vumbi. Akafika mia moja, akajifuta jasho.

"Umeingia?" nikauliza.

"Umeingia. Lakini linavuja hili, shemeji. Sokoni na kurudi."

Nikaleta ile mashine yangu ya chungwa. Akaitazama kama mtu aliyekuta mgeni kwenye kiti chake. Nikachomeka, nikalaza kishikio, nikamgeuzia namba.

"Thelathini na tatu," nikasema. "Kabla hujaja ilikuwa thelathini na tatu. Jana thelathini na tatu. Juzi nililijaza mimi, halijavuja. Na wewe kishikio hujakilaza. Usiniambie umesahau, umeendesha malori miaka thelathini."

Akachuchumaa tena, akawa anaisugua pampu yake kwa kitambaa, mahali ambapo tayari palikuwa safi.

"Fundi pancha alisemaje?"

"Sikulipeleka kwa fundi."

Hasira zikanipanda. Nikamwambia amenikosesha madirisha sitini. Nikamwambia nimeishi kama kuku aliyefungwa kamba mguuni, soko na nyumbani, kwa tairi zima! Nikamwambia na chai yangu amekunywa bure. Hilo la chai halikuwa na maana yoyote, lakini nilikwishafungua mdomo.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, akiliangalia tairi, si mimi, "Ile asubuhi mdogo wangu anaondoka, nilikuwepo."

"Najua ulikuwepo. Ulimsindikiza."

"Aliniambia, kaka, hebu tazama matairi ya huyu rafiki yangu, mimi siyajui. Nikazunguka gari. Nikayapiga teke moja moja, yote manne, kama nilivyozoea kazini. Nikamwambia yako sawa, nendeni." "Toka siku hiyo sijaweza kumwambia mtu tairi lake ni zima. Nikiliangalia la mtu yeyote naona limepasuka. Ukija wewe na ufunguo mkononi, nifanye nini?"

Miaka miwili nimempikia chai mtu huyu, sikujua. Nilitaka kumwambia si kosa lake, lakini hasira yangu ilikuwa haijaondoka, ilikuwa imekaa hapo hapo pamoja na huruma, na sikujua ipi itangulie. Nilimpenda na nikatamani kumpiga na ile pampu.

"Soma namba," nikamwambia.

"Thelathini na tatu."

"Kibandiko kinasema ngapi?"

Akainuka, akaenda kutazama nguzo ya mlango. "Thelathini na tatu."

Tukazunguka gari zima, tairi kwa tairi, yeye anasoma, mimi nimeshika mpira. Yote yalikubaliana. Tulipomaliza nikamkabili. "Ni sawa au si sawa?"

Alilitazama la mbele kushoto, akalipapasa. Mwisho akageuka, akaenda kufungua geti, akasimama pembeni yake, mgongo kwenye ukuta. Nikaingia garini, nikapita, sikuthubutu kumtazama kwenye kioo.

Barabara kuu nilikwenda roho mkononi. Malori yalinipita yakipiga honi, na mimi nimeng'ang'ania usukani kama nitanyang'anywa. Mahali penyewe palipotokea ajali sipajui, sikuwahi kutaka kuonyeshwa, kwa hiyo kila kona niliihesabu kuwa ndiyo. Saa nne hivi nikaingia geti la shule. Nilizima gari, mikono ikabaki kwenye usukani kwa muda.

Mlezi wa bweni alikuwa amesimama barazani na kitabu chake, ananisubiri. Nikampungia mkono, nikamwomba dakika tano, nikashusha mashine, nikapiga magoti kwenye kokoto na gauni langu zuri. Nikapima la mbele kushoto.

Thelathini na saba.

Nikahamia kulia, thelathini na saba. Nyuma, thelathini na sita, pande zote mbili. Hayakuvuja, yalikuwa yanajaa yenyewe, na mimi nilikuwa na saa mbili nyingine za kurudi juu yake. Nikampigia shemeji. Simu haikumaliza mlio mmoja.

"Nimefika," nikasema.

Nilisikia akivuta pumzi. "Umefika?"

"Nimefika, lakini yamepanda! Niliyaacha thelathini na tatu, sasa yamefika thelathini na saba. Nimeharibu nini? Nitoe upepo?"

"Usitoe! Usiguse kitu. Yote yamepanda?"

"Yote."

"Nisomee. La mbele kushoto?"

"Thelathini na saba."

"Kulia?"

"Thelathini na saba. Ya nyuma thelathini na sita, thelathini na sita."

"Umeyagusa kwa kiganja? Yana moto?"

Nikayagusa. "Yana vuguvugu."

Mlezi wa bweni alikuwa ameanza kushuka ngazi kuja kuona kulikoni, nami bado nimepiga magoti, simu sikioni.

"Hilo ni joto la barabara, shemeji," akasema polepole. "Tairi likitembea linapata joto, upepo unatanuka. Likipoa linarudi. Ndivyo yalivyo matairi yote."

"Kwa hiyo?"

Nikamsikia akihesabu polepole, moja, mbili, tatu, nne, kama anayelizunguka gari.

"Kwa hiyo yako sawa," akasema. Akakohoa, akaanza upya. "Yote manne yako sawa. Nenda kapime madirisha."