Shahidi wa Pili

Mwalimu mkuu alinipa hadi Ijumaa. Darasa langu lisipoanza kusoma kama madarasa mengine, alisema, watoto watagawanywa katika shule nne za jirani. Alilisema hilo mbele yao, bila aibu. Nikajibu "sawa" huku natamani kutupa kiti dirishani. Maji ya mafuriko yalikuwa yameshabeba vitabu, madawati na nusu ya nyumba zao, na sasa yeye alitaka kuwabebea na marafiki.

Ni kweli walikuwa hawasomi. Watoto thelathini na wanane, kimya, wingu likipita wote wanageukia dirisha. Hata Kasuku, binti ambaye mwaka jana nilimhamisha dawati mara sita kwa sababu ya domo lake, sasa alijibu kwa kutikisa kichwa tu.

Kwa kuwa vitabu havikuwepo, nikaamua historia itoke midomoni mwa watu. Nikamwalika fundi cherehani mstaafu asimulie mafuriko ya utoto wake, na nikaweka sheria moja: haliandikwi ubaoni jambo ambalo shahidi wa pili hajalikubali. Nilijiona mjanja sana. Kosa langu lilikuwa kumruhusu dada yake mkubwa awe huyo shahidi.

"Maji yalikuja asubuhi," fundi akaanza.

"Jioni," dada mtu akasema.

"Dada, nakumbuka nilikuwa nakunywa chai."

"Wewe ulikuwa unakunywa chai kutwa nzima. Mwalimu, usiandike."

Fundi akasema alimbeba mbuzi mgongoni akaogelea naye. Dada akasema aliyeogelea ni mbuzi, fundi alishikilia mkia. Fundi akasema maji yalimfika kiunoni. Dada akauliza kiuno kipi, maana siku hizo ndoo ilikuwa ndefu kumzidi. Kuna aliyecheka huko nyuma, wa kwanza tangu mvua ile, lakini nusu saa ilipita na ubao haukuwa na hata nukta. Na mwalimu mkuu alikuwa ameshasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Wazee wangu," nikasema, "hakuna hata kimoja mnachokubaliana?"

Wakatazamana.

"Aliogopa," dada mtu akasema. "Alinishika gauni mpaka likachanika."

Fundi akainama. Nilidhani anatafuta pa kubishia.

"Niliogopa," akasema. "Na yeye pia. Alikuwa anaimba ili nisijue, lakini miguu ilimtetemeka."

"Hilo kweli," dada akasema. "Andika, mwalimu."

Nikaandika: WALIOGOPA. Chaki ikakatika, nikamalizia na kipande.

Kasuku akanyoosha mkono. "Mimi pia," akasema. "Tulipanda juu ya kabati. Binamu yangu alikuwepo." Binamu yake, dawati la tatu, akaitikia. Baada ya hapo mikono ilikuwa mingi mno, na mashahidi wanagombania zamu. Nilifurahi mpaka nikasahau kuwa na hasira.

"Na wewe, mwalimu?" Kasuku akauliza.

Ningeweza kudanganya, uzoefu ninao. "Nilikuwa juu ya meza ya ofisini," nikasema. "Nililia."

"Shahidi nani?"

Nikajifanya natafuta chaki. Shahidi alikuwa mmoja tu, na alikuwa amevaa tai. Hata mimi nina mipaka.

Mlangoni mtu akakohoa. "Ni mimi," mwalimu mkuu akasema. "Alilia, kweli. Nami nilimshika mkono nikamwomba asiniache." Akaingia, akatafuta pa kukaa, akaishia kubanana na Kasuku kwenye dawati lake. "Mpaka leo mvua ikinyesha silali. Andika, mwalimu."

Kasuku akamtazama kwa huruma.

"Kwa hiyo na wewe utapelekwa shule gani?" akamuuliza.

Darasa zima likasubiri. Mwalimu mkuu akafuta miwani yake kwa tai.

"Siendi popote," akasema. "Wala nyinyi."